Kibuyu Kilichokataa Kugandisha Maziwa

Kogo alikuwa na vibuyu vinne vilivyoning'inia juu ya meko, na kila kimoja alikijua kwa sauti yake. Asubuhi alikitikisa taratibu huku ameweka sikio karibu na shingo yake. Maziwa mabichi hulia kama maji. Maziwa yaliyoiva kuwa mursik husogea kwa uzito, na hapo ndipo alipofungua kifuniko na kutuita na vikombe vyetu.

Mwaka mmoja, katika boma lake nje kidogo ya Kiminini, kando ya barabara inayoshuka kutoka Kitale kuelekea Webuye na Bungoma, kibuyu kimoja kilikataa. Siku ya tatu maziwa yalilia kama maji. Siku ya tano, vilevile. Kogo, ambaye hakuwa nyanya yangu wa damu ila jirani Msabaot aliyetulea watoto wote wa pale, aliyamwaga, akakisugua kibuyu upya kwa makaa ya mti wa senetwet, akakijaza tena. Hayakuganda. Minong'ono ikaanza kijijini kwamba kuna jicho baya lililolitazama zizi lake.

Mwanawe ndiye aliyekumbuka. Ng'ombe wao wa gredi alikuwa amevimba kiwele, naye kijana alikuwa amemdunga dawa aliyonunua kwenye duka la agroveti. Chupa ilikuwa bado imepachikwa kwenye ukuta wa zizi, na dawa iliyobaki ndani ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kwenye lebo paliandikwa oksitetrasaiklini.

"Mama, dawa imeingia kwenye maziwa," akasema.

Kogo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sisi tuliokunywa?"

Nimelibeba swali hilo hadi leo. Maziwa huganda kwa kazi ya bakteria wema walioshika kuta za kibuyu. Dawa iliyotoka kwa ng'ombe iliwakuta humo ikawasimamisha kazi. Wale bakteria hawakujua kuwa dawa ilikusudiwa kiwele, na dawa haikujua kuwa imefika jikoni. Mtu yeyote anayetaka kuelewa kwa nini madaktari wana wasiwasi kuhusu viuavijasumu anaweza kuanzia kwenye kibuyu kile.

Cherehani isiyoshona

Oksitetrasaiklini ni ya kundi la dawa zinazomzuia bakteria kutengeneza protini. Ili kuelewa zinavyofanya kazi, pita asubuhi kwenye vibaraza vya maduka ya Bungoma mjini ambako mafundi cherehani hukaa. Mteja ameacha kitambaa, na vipimo vimeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Fundi anasoma kipimo, anapitisha kitambaa chini ya sindano, na upande wa pili nguo inatokea.

Ndani ya bakteria mmoja kuna maelfu ya mashine zinazofanya kazi ya namna hiyo. Huitwa ribosomu. Kila moja husoma maagizo yaliyoandikwa kwenye uzi wa RNA, huunganisha amino asidi moja baada ya nyingine, na kutoa protini. Bila protini, bakteria hawezi kukua, kujikarabati wala kugawanyika wawe wawili.

Ribosomu ya bakteria ina vipande viwili. Cha chini, kinachoitwa 30S, husoma maagizo. Cha juu, 50S, hushona. Vikikutana, wanasayansi huiita mashine nzima 70S. Ya binadamu imejengwa kwa mpango huohuo lakini ni kubwa zaidi, nayo huitwa 80S. Tofauti hiyo ndiyo upenyo ambao dawa hizi hupitia: zinashika cherehani ya bakteria na kuiacha ya mgonjwa ikiendelea na kazi.

Kila ukoo wa dawa una mahali pake pa kushika. Tetrasaiklini na doksisaiklini hukaa kwenye kipande cha chini, pale ambapo amino asidi mpya hufikishwa, hivyo kila inayoletwa hukuta nafasi imeshachukuliwa. Jentamaisini na streptomaisini nazo hushika kipande cha chini, lakini kwa hila nyingine. Humfanya fundi asome kipimo vibaya. Panapotakiwa shati, linatoka vazi lenye mikono mitatu, na protini hizo mbovu hupachikwa kwenye utando wa bakteria hadi unaanza kuvuja. Kloramfenikoli huenda kwenye kipande cha juu na kuizuia sindano yenyewe. Erithromaisini na azithromaisini huziba njia ambayo nguo hutokea, nguo ikakwama na kazi ikasimama.

Picha hii imejulikana kwa undani hivi karibuni tu. Mwaka 2009 Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kuchora umbo la ribosomu hadi kwenye atomu zake. Kufikia wakati huo, madaktari walikuwa wametumia dawa za namna hii kwa zaidi ya miaka 60.

Mtumiaji anahitaji kujua jambo moja katika hayo yote. Jentamaisini na ndugu zake huua bakteria. Tetrasaiklini, erithromaisini na nyingine nyingi za kundi hili mara nyingi humsimamisha tu, na kinga ya mwili ndiyo inayomaliza kazi. Dawa ikitoka kabla mwili haujamaliza, cherehani huanza tena kushona. Anayemeza vidonge viwili Jumatatu kisha akaacha Jumanne kwa kuwa homa imeshuka amempa bakteria mapumziko. Idadi ya siku hutegemea ugonjwa, na aliyekupima ndiye anayepaswa kuipanga.

Upenyo huo pia ni mwembamba. Ndani ya seli zetu kuna mitokondria, vinu vidogo vya nguvu, na ribosomu zake zinafanana na za bakteria kuliko zinavyofanana na zetu nyingine. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kloramfenikoli iweze kudhoofisha utengenezaji wa damu kwenye uboho. Ndiyo pia sababu baadhi ya watu waliorithi badiliko fulani la jeni upande wa mama hupoteza usikivu kwa dozi ndogo tu ya jentamaisini. Hata kwa watu wengine, jentamaisini ikizidishwa huumiza figo na masikio. Dawa inayonunuliwa kwa bei ya soda inaweza kumwacha mtoto kiziwi ikitolewa bila kipimo.

Zawadi ya udongo

Mkulima wa Trans Nzoia anaijua harufu ya Machi, matone ya kwanza yanapopiga shamba lililolimwa na kukauka. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na kemikali iitwayo geosmini, na miongoni mwa viumbe wanaoitengeneza ni bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces. Bakteria haohao ndio waliotupa nyingi ya dawa hizi.

Mwaka 1943, kijana Albert Schatz, akifanya kazi kwenye maabara ya Selman Waksman katika chuo cha Rutgers nchini Marekani, alipata streptomaisini kutoka kwa bakteria wa udongo. Ikawa dawa ya kwanza iliyoweza kuutibu ugonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1948 Benjamin Duggar alitangaza dawa ya kwanza katika ukoo wa tetrasaiklini, iliyotoka kwenye udongo wa shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Missouri. Erithromaisini ilitoka kwenye udongo wa Iloilo, Ufilipino, ambao daktari Abelardo Aguilar aliutuma Marekani mwaka 1949.

Mashamba haya yanatukumbusha kwamba vita vya viuavijasumu ni vya kale kuliko hospitali. Bakteria wa udongo walikuwa wakitengeneza sumu dhidi ya majirani zao mamilioni ya miaka kabla ya binadamu kuijaza kwenye chupa. Na palipo na mkuki wa kale pana ngao ya kale. Wapo bakteria wenye pampu zinazoitapika tetrasaiklini nje ya seli. Wapo wanaobadilisha umbo la ribosomu yao kidogo ili erithromaisini ikose pa kushika. Isitoshe, hupeana jeni za ngao hizo kama majirani wanavyoombana moto wa jikoni. Anayepokea si lazima awe wa ukoo mmoja na anayetoa. Bakteria wa utumbo wa kuku anaweza kumpa bakteria wa utumbo wa mtoto.

Muguga, Nairobi na Pokot

Afrika Mashariki imechangia historia ya dawa hizi kwa mikono yake yenyewe, na mchango mmoja unamhusu kila mfugaji wa Kitale. Homa ya Pwani ya Mashariki, ambayo wafugaji wetu huiita ECF na wenzetu wa Tanzania huiita ndigana kali, huletwa na kupe wa sikio la ng'ombe. Ng'ombe wa gredi asiye na kinga hufa akiwa na tezi zilizovimba na mapafu yaliyojaa maji. Huko Muguga, karibu na Nairobi, watafiti wa mifugo walitengeneza njia ya kinga inayothibitisha methali yetu kwamba dawa ya moto ni moto. Ng'ombe hudungwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na saa ileile hudungwa oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Vimelea hao si bakteria, lakini wamebeba ndani yao viungo vyenye ribosomu za aina ya bakteria. Dawa huwadhoofisha wasiweze kuua, kinga inapata muda wa kuwajua, na ng'ombe anabaki amekingwa kwa miaka mingi. Chanjo hiyo bado inajulikana kwa jina la Muguga.

Fikiria maana yake. Dawa iliyokizuia kibuyu cha Kogo, ikitumika mara moja kwa mpango, humpa ndama kinga inayoweza kudumu maisha yake.

Kwa binadamu, wazee wengi wa Bungoma wanazikumbuka sindano za kifua kikuu zilizodungwa siku hadi siku. Zilikuwa za streptomaisini. Zamani tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa wengi waliiacha njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Kenya na nchi jirani kwa ushirikiano na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza yalionyesha kuwa miezi sita ingetosha iwapo streptomaisini na isoniazidi zingeunganishwa na rifampisini. Dunia nzima iliufuata mkondo huo wa tiba fupi. Wagonjwa wa Afrika Mashariki waliokubali kudungwa na kupimwa mwezi baada ya mwezi ndio waliotoa ushahidi huo, na haifai wasahaulike.

Ukipanda barabara kutoka Kitale hadi Kapenguria na kuendelea, unaingia Pokot Magharibi, mojawapo ya kaunti ambako trakoma imepofusha wazee kwa vizazi. Kope hugeuka ndani na nywele zake hukwaruza mboni hadi mwanga unazimika. Dozi moja ya azithromaisini, ikigawiwa jamii nzima pamoja na maji ya kunawa uso na upasuaji kwa walioathirika, huvunja mzunguko wa bakteria wanaosababisha ugonjwa huo. Na katika vyumba vya kujifungulia vya kaunti hizi zote, mstari mwembamba wa mafuta ya manjano huwekwa kwenye macho ya mtoto mchanga. Hiyo ni tetrasaiklini ya asilimia 1, inayowakinga watoto dhidi ya maambukizi yanayoweza kuwapofusha kabla hawajawahi kuuona uso wa mama. Mtoto akipata maambukizi ya damu siku za kwanza, jentamaisini pamoja na penisilini ndiyo tiba inayoanza kufikiriwa. Ni dawa za bei nafuu. Zikishindwa, zinazofuata ni ghali na hazipatikani katika kila zahanati.

Milango miwili, dawa moja

Tembea katikati ya mji wa Kitale siku ya soko. Duka la dawa za binadamu liko hapa, na hatua chache mbele kuna agroveti yenye mifuko ya chakula cha kuku nje. Wateja wanatofautiana, na sheria zinazosimamia maduka hayo pia zinatofautiana. Ila ukisoma maandishi madogo kwenye makopo utakuta koo zilezile: tetrasaiklini hapa, oksitetrasaiklini pale, erithromaisini hapa, na pale tailosini, binamu yake wa mifugo. Bakteria hawasomi kibao cha mlangoni.

Mfugaji wa kuku akiona vifaranga wawili wamesinzia, anatia unga wa dawa kwenye maji ya kundi zima. Mama anayekohoa anaomba "zile za rangi mbili," anapewa nne zimefungwa kwenye karatasi. Kijana anafungua kapsuli na kunyunyizia unga kwenye kidonda. Siwalaumu. Daktari wa mifugo yuko mbali, nauli ya bodaboda ni pesa, foleni ya hospitali inamla mtu siku nzima, na vipimo vya maabara vya kuotesha bakteria havipo karibu. Lakini kila dozi ya ovyo inawapa bakteria dhaifu nafasi ya kufa na wenye ngao nafasi ya kuzaana.

Kenya imeshapoteza silaha kwa njia hiyo. Kloramfenikoli ilikuwa tegemeo la homa ya matumbo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, Samuel Kariuki na wenzake wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walikuwa wakiripoti bakteria wa homa hiyo waliostahimili kloramfenikoli pamoja na dawa nyingine mbili zilizokuwa zikitumiwa sana. Leo azithromaisini ni miongoni mwa dawa zinazotegemewa mahali pake. Shirika la Afya Duniani limeipanga katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini, wakati doksisaiklini na jentamaisini zimo katika kundi la kutumiwa kwanza. Hata hivyo, wakati wa janga la Covid-19 azithromaisini ilimezwa na watu waliokuwa na virusi, viumbe wasio na ribosomu hata moja ya kuzuiwa. Majaribio makubwa nchini Uingereza, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2021, yalionyesha kuwa haikuwasaidia.

Je, kumpa mtoto antibiotiki "kwa tahadhari" kunasaidia? Jibu linahitaji uangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Niger, Malawi na Tanzania ulionyesha kuwa kugawa azithromaisini mara mbili kwa mwaka kulipunguza vifo vya watoto wadogo kwa zaidi ya asilimia 13 kwa jumla. Faida kubwa ilikuwa Niger na ndogo ilikuwa Tanzania. Baadaye ikaonekana kuwa jeni za usugu ziliongezeka katika matumbo ya watoto waliopewa. Kwa upande wetu, watoto 1,400 waliokuwa wakitoka hospitali za Kisii na Homa Bay waliandikishwa katika jaribio ambalo nusu walipewa azithromaisini kwa siku tano na nusu wakapewa dawa isiyo na kitu. Dawa haikupunguza kwa kiwango cha kuonekana vifo wala kurudi hospitalini. Dawa ileile imewafaa watoto wa mahali pamoja na haikuwafaa wa mahali pengine. Kwa hiyo inataka mpango na ufuatiliaji, na mzazi hawezi kuupata huo kwa kukisia mbele ya kaunta.

Mwaka 2017 serikali ilitoa mpango wa taifa wa kukabili usugu wa dawa, na ndani yake wizara ya afya na ile ya kilimo zilikaa meza moja. Huo ndio mwelekeo sahihi. Kazi iliyobaki ni kuufikisha kwenye milango miwili ya Kitale: awepo mtu anayejua dawa katika kila kaunta, maabara iwe karibu, na mfugaji apate daktari wa mifugo kabla ya kuipata sindano.

Huku tukisubiri, yapo tunayoyaweza nyumbani. Uliza jina la dawa na uliandike. Usimeze tetrasaiklini kwa chai ya maziwa, maana kalisi ya maziwa huishika dawa tumboni isiingie mwilini, na sisi watu wa huku chai yetu ni maziwa. Usimpe mtoto wa chini ya miaka minane, wala mjamzito, bila agizo, kwani dawa hiyo hujishika kwenye meno yanayokua na kuyatia doa la kudumu. Na kwa ng'ombe aliyedungwa, soma kwenye lebo idadi ya siku ambazo maziwa yake hayapaswi kunywewa wala kuuzwa. Kuchemsha hakuondoi mabaki yote.

Najua gharama ya ushauri huo wa mwisho. Maziwa ya siku kadhaa ni karo, ni chumvi, ni sabuni. Anayeyamwaga anafanya hivyo kwa ajili ya watu ambao hatawaona kamwe: mtoto wa mjini Bungoma anayenywa chai asubuhi, na mtoto mchanga wa mwaka ujao atakayehitaji jentamaisini ifanye kazi.

Alama za makaa

Kogo hakujua kusoma. Jioni ile alimwambia mwanawe amsomee lebo ya chupa, akamuuliza ni siku ngapi. Kisha akachukua kipande cha makaa ya senetwet, yaleyale ya kusugulia vibuyu, akaenda zizini. Kwenye nguzo ya mlango akachora mstari mmoja. Kila jioni baada ya kukamua aliongeza mwingine, na maziwa ya ng'ombe yule aliyamwaga shimoni, mbali na mbwa na paka.

Mistari ilipofika idadi aliyosomewa, aliongeza mmoja zaidi kwa hiari yake. Kesho yake akajaza kibuyu. Siku ya nne nilimkuta amekaa kwenye kigoda, sikio kwenye shingo ya kibuyu, akitikisa polepole. Maziwa yalisogea kwa uzito. Alituita na vikombe vyetu.

Kuanzia hapo, kila ng'ombe alipodungwa, nguzo ile ilipata mistari mipya.